Kumwagilia nchi kavu: maji yaingie, na yatoke pia

Kila bei ya nyanya ikipanda soko la Kongowea utaskia swali lile lile, kwani Mto Tana umeenda wapi? Ardhi huko Tana River na Kilifi ya ndani iko tele, jua lipo mwaka mzima, mto mrefu kuliko yote Kenya wapita hapo kisha wamwaga maji baharini, na sisi Mombasa bado twangoja malori ya Taveta na Loitokitok, na mengine kutoka Lushoto, Tanzania. Swali ni la haki kabisa. Ila jibu lake ni refu, manake watu wengi tukisema umwagiliaji twafikiria kuleta maji tu, pampu, paipu, mfereji, basi kazi imeisha. Shamba la nchi kavu lina hesabu tatu na zote zimefungamana: mmea wanywa kiasi gani hasa, mangapi yanapotea kabla hayajaufikia, na yale yaliyobaki chini ya mizizi yaenda wapi. Hii ya tatu ndo hutaisikia kwa hotuba za uzinduzi, na mimi naona ndo ya kuuliza mwanzo.

Lakini hebu tuende pole pole, tuanze na kiu ya mmea. Karibu maji yote ambayo mmea unayavuta kwa mizizi hayakai mwilini mwake, yapanda kwa shina yatokea kwa vitundu vidogo vya majani yawa mvuke. Udongo nao uloachwa wazi wapoteza ya kwake kwa jua. Wataalamu hujumlisha hizo mbili pamoja, na kinachoamua ukubwa wake ni jua, joto, upepo na ukavu wa hewa. Shirika la FAO lilitoa mwongozo mwaka 1998 wa kupiga hesabu hio na ndo unaotumika karibu kila mahali: unapima kwanza nyasi fupi zilizoshiba maji zingepoteza milimita ngapi kwa siku mahali hapo, halafu unazidisha kwa nambari ya zao lako kulingana na umri wake. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hivo kwa eka moja ni kama lita 4,000 na kidogo.

Sasa chukua Hola au Garsen, miji ya Tana River, kaskazi yavuma, mawingu hakuna, nyasi zapoteza kama milimita 6 kwa siku. Nyanya zikiwa changa nambari yake ni 0.6 hivi, zikishajaza na kuanza kuzaa yapanda mpaka 1.15, halafu yashuka tena karibu 0.8 tunda likikaribia kwisha. Kwa hio pale katikati shamba lataka milimita 6.9 kwa siku. Piga kwa eka utapata karibu lita 28,000, yaani mitungi 1,400 ya lita 20, kila siku, eka moja, na hapo hakuna tone lililopotea. Msimu mzima wa nyanya wameza milimita 400 mpaka 600. Mvua ya mwaka mzima kati ya Garissa na Hola ni milimita 300 mpaka 500 hivi, na hio mvua haiji kwa ratiba ya nyanya, yaja kwa vishindo vichache, nyingi yakimbia juu ya ardhi yaenda kwa laga, yaani mikondo ya msimu, ile inayoingia mizizini ni sehemu tu. Sisi mjini twapata zaidi kidogo ya milimita 1,000 na bado bustani zakauka mwezi wa pili, kwa hivo mtu asishangae.

Kuna jambo hapa linalofunga watu sana. Pampu na mfereji havipimwi kwa wastani wa msimu, vyapimwa kwa ile wiki mbaya kuliko zote, wakati kila shamba kwa skimu, yaani mradi wa umwagiliaji, liko kwenye maua siku zile zile na jua ni kali. Mahindi yakikosa maji wakati yanatoa ndevu, hata ukiyafurikisha wiki mbili baadaye punje hazirudi. Skimu ambayo kwa karatasi yatosha eka 1,000 yaweza kuwa yatosha eka 600 ndani ya hio wiki, na hapo ndo ugomvi wa zamu unapoanza, wa juu ya mfereji avuna, wa mkiani aangalia mahindi yake yakijikunja. Mara nyingi wa mkiani aambiwa ni mvivu. Si uvivu, ni mfereji ulopimwa kwa wastani.

Hesabu ya pili ni upotevu. Ukimwagilia kwa mifereji ya matuta, makadirio ya kawaida ni kwamba asilimia 60 ya maji ulofikisha shambani ndo yatumika na mmea, sprinkla za kurusha maji kama mvua kama 75, dripu, yaani paipu zinazodondosha maji karibu na mizizi, kama 90. Zile lita 28,000 za eka basi zawa karibu 46,500 kwa matuta na kama 31,000 kwa dripu, na hatujahesabu mfereji mkuu wa udongo unaovuja tangu mtoni. Ukiona hivo wasema basi kila mtu aweke dripu mambo yaishe. Na kweli dripu yaokoa dizeli, yaokoa mbolea, na magugu yapungua, mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kuna fumbo ndani yake ambalo latakiwa lielezwe vizuri. Yale maji "yaliyopotea" kwa matuta hayakutoweka duniani, mengi yalizama chini yakarudi mtoni au kwa kisima cha jirani. Yale yaliyotoka kwa majani ndo yameenda kabisa. Mkulima akiweka dripu akaona ana maji yamebaki, atafanya nini? Ataongeza eka, na nani angefanya tofauti. Sasa eka zimeongezeka, majani yameongezeka, mvuke umeongezeka, na kule chini mto warudishiwa maji machache kuliko mwanzo ingawa kila shamba lajiita la kuokoa maji. Imetokea nchi nyingi. Kwa hio ukiambiwa mradi utaokoa maji uliza yataokolewa kwa ajili ya nani, na nani atazuia yasigeuzwe eka mpya.

Tuje sasa kwa ile ya tatu, na hapa nitakaa.

Kila maji ya mto au kisima yana chumvi ndani hata kama ulimi hauisikii. Mtu wa Kisauni au Likoni anayechemsha maji ya kisima ajua lile koko jeupe linaloganda ndani ya birika, maji yameenda kwa mvuke, chumvi imebaki. Shamba la nchi kavu lafanya hivo hivo kila siku, mmea wachukua maji waacha chumvi nyingi chini. Tupige hesabu. Maji yenye uchumvi wa desisimensi 1 kwa mita (hicho ndo kipimo, kuna kimita kidogo cha mkononi unatumbukiza tu kwa kikombe chasoma) yana kama gramu 0.64 za chumvi kwa lita. Ukiyaonja wengi tungesema ni maji baridi tu, yasiyo na chumvi. Mwagilia milimita 500 kwa msimu, ni gramu 320 kwa kila mita mraba, na kwa eka yafika karibu tani 1.3 za chumvi. Msimu mmoja. Kwenye nchi ya mvua nyingi masika yaisukuma chini yaenda zake, huku kwenye ukame hakuna wa kuisukuma.

Chumvi ikizidi, mzizi washindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa. Mmea wanyauka ukiwa ndani ya tope, kingo za majani zaungua, na mkulima kwa kuona umenyauka aongeza maji. Maharagwe ndo maskini zaidi, udongo ukipita desisimensi 1 tu yaanza kupunguza mazao, mahindi kama 1.7, nyanya 2.5, pamba yavumilia mpaka 7.7 na shayiri 8. Dawa ya chumvi ni moja, maji zaidi, kwa makusudi, mbali na kiu ya mmea, ili yaisukume chumvi ishuke chini ya mizizi. Kiasi chake kina kanuni: maji yakiwa na uchumvi wa 1.5 na wewe wapanda nyanya, unahitaji kama asilimia 14 ya maji yako yawe ya kusafisha tu. Kwa hivo ile hesabu ya mahitaji tulopiga mwanzo haijaisha, yabidi iongezwe fungu la kusafisha, na mtu akikuletea mpango wa maji wenye kiu ya mmea peke yake basi ameacha kitu.

Na hayo maji ya kusafisha yakishashuka yaenda wapi? Kama chini kuna mchanga na mto uko karibu na chini zaidi, yatajiendea. Kama kuna tabaka la udongo mfinyanzi yasimama hapo. Msimu huu yako mita 8 chini, mwakani 7, miaka kadhaa baadaye yako mita moja na nusu, na yakifika hapo udongo wenyewe wayanyonya kuyapandisha mpaka juu, yapigwa na jua, yaacha chumvi usoni. Utaona ardhi yaanza kuwa na weupe kama unga, kwanza kwa vichwa vya matuta, halafu mabaka mabaka, halafu mtu ahama. Na mizizi yenyewe yakosa hewa. Kuna aina mbaya zaidi, ile chumvi ikiwa ni ya sodiamu zaidi, yaani magadi, udongo wapoteza mpangilio wa chembe zake wafungana, ukinyesha ni utelezi ukikauka ni zege, maji hayapiti tena hata ukitaka kusafisha. Hapo lazima umwage jasi kwanza, kalisiamu ya jasi iiondoe sodiamu mahali pake, ndo usafishe. Ni kazi ya gharama.

Njia ya kutoa maji ni mitaro mirefu ya wazi au paipu zenye matundu zinazozikwa mita moja mpaka mbili chini, zikusanye maji ya mizizini ziyapeleke mbali. Shida yake ni kwamba hazionekani na faida yake yachelewa. Mfereji wa kuleta maji wapigwa picha siku ile ile, mtaro wa kutoa maji faida yake yaja baada ya miaka 10 au 15, waziri mwingine, meneja mwingine, kwa hivo bajeti ikikatwa ndo wakatwa. Na miaka ya mwanzo mavuno ni mazuri kweli, kila mtu aona kwani mtaro ulikuwa wa nini.

Haya si ya kubuni, dunia imeyapitia. Mesopotamia ya kusini, huko Iraki ya leo, rekodi za vibao vya udongo zaonyesha ngano ikipungua na shayiri ikishika nafasi yake, na wapo wanahistoria wanaolihusisha jambo hilo na chumvi. Bonde la Indus, Pakistan, mifereji mikubwa ya enzi za Waingereza ilipandisha maji ya chini mpaka serikali ikaanza miaka ya 1960 kuchimba visima vya pampu kwa maelfu ili kuyashusha. Misri nayo baada ya bwawa la Aswan kukamilika mwaka 1970 na mashamba kupata maji mwaka mzima ililazimika kuzika paipu za kutoa maji chini ya eneo kubwa sana la Delta, na ndo sababu Delta bado yalima. Halafu kuna kisa cha California, wao mtaro waliujenga, lakini ukaishia kwa bwawa la Kesterson badala ya baharini, na mwaka 1983 vifaranga wa ndege wakaonekana wamezaliwa na vilema kwa sababu maji ya mashambani yalikuwa yamebeba seleniamu, madini yanayodhuru yakizidi, kutoka kwa udongo. Kwa hio hata ukitoa maji, lazima ujue mwisho wa mtaro ni wapi na nani anaishi hapo.

Turudi kwetu. Skimu ya Hola ilianza mwaka 1953, na wengi jina hilo twalijua kwa sababu ya kambi ya wafungwa ya mkoloni, wakati wa Mau Mau, wafungwa 11 waliopigwa mpaka kufa tarehe 3 Machi 1959 walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi ya skimu hio, na sioni ni sawa kuzungumzia mfereji wa Hola bila kuwataja. Baadaye ikalima pamba vizuri kwa muda mrefu. Kisha mwaka 1989 Mto Tana ukahama njia, ukaiacha pampu bila maji, skimu ikafa kwa miaka. Tana ni mto wa tope jingi na ardhi tambarare, hujikata njia mpya wakati wa mafuriko, mtu akijenga mlango wa maji pale kana kwamba mto utakaa hapo milele ndo hivo. Bura, juu kidogo, ilianza kulima mwanzo wa miaka ya 1980, maji yakipandishwa kwa pampu za dizeli kutoka Nanigi, na kila pampu ikiharibika au mafuta yakikosa pamba yakauka na mkulima abaki na deni. Udongo wa huko kwa sehemu kubwa ni mwembamba, chini yake kuna tabaka lenye chumvi na magadi, kwa hivo ile hesabu ya kutoa maji haikuwa ya kuahirishwa. Mifereji ilipokauka mathenge ikaingia, mti uloletwa kwa kuni, mizizi yaenda chini sana na chumvi haiuogopi, na leo kuung'oa ni mradi peke yake.

Wapokomo walikuwa na utaratibu wao kabla ya yote haya. Walingoja mto ufurike, maji yakishuka wapanda mpunga na mahindi kwa unyevu uliobaki, ndizi na maembe zakaa kwenye kingo za juu. Mafuriko yalileta rutuba na yaliisafisha chumvi bila paipu hata moja. Waorma nao walikuwa na malka, njia zao za kuteremsha mifugo mtoni. Mabwawa ya juu kama Masinga, iliyokamilika mwaka 1981, yalibadilisha mwendo wa mafuriko, na skimu zikikata malka zilileta ugomvi ambao gazetini waandikwa ni wa makabila. Ukiangalia kwa karibu mengi ni maji.

Na usidhani sisi wa mjini tuko nje ya hesabu hii. Maji ya Baricho tunayoyafungulia Mombasa na Malindi yatoka visima vilivyochimbwa kwa mchanga wa Mto Sabaki, na Sabaki ndo Galana ile ile, ambayo ni Athi na Tsavo zikikutana. Chemchemi za Mzima zinazotuletea paipu nyingine nazo zaingiza maji Tsavo. Kwa hivo mashamba yote yanayovuta Athi na Galana, pamoja na ule mpango mkubwa wa Galana Kulalu uloanzishwa 2014, yako juu yetu kwa mto mmoja. Wakati wa masika maji yapo ya kila mtu. Wakati wa kiangazi ndo shida, na kiangazi ndo haswa ile wiki ya lita 28,000 kwa eka. Mimi sisemi watu wasilime Galana, chakula twakihitaji, nasema mabwawa ya kuhifadhi maji ya mvua yajengwe kabla ya eka kuongezwa, na kiasi cha kiangazi kwa kila mvutaji kiandikwe wazi mahali kila mtu aweza kusoma.

Wale wenye vishamba Mtwapa, Kikambala na Diani, wanaomwagilia mchicha na bamia kwa kisima, wana hesabu yao tofauti. Maji baridi ya mwambao yaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba wa matumbawe, na kanuni yake ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari yashikilia kama mita 40 chini yake. Ukivuta kwa pampu kubwa ukashusha ile mita moja, bahari yapanda. Ndo sababu jirani akiweka pampu ya nguvu kisima chako chageuka chumvi. Vuta kidogo kidogo kwa masaa mengi kuliko kwa nguvu kwa lisaa limoja, na visima visipitishwe kina bila sababu, chini si salama.

Kwa mkulima mdogo wa bara kuna mambo yawezekanayo bila kungoja serikali. Toboa paipu ya PVC matundu kwa upande, izike mita mbili, kila mwezi teremsha kamba uone maji yako wapi, yakianza kupanda msimu hadi msimu jua mtaro wahitajika kabla weupe haujatokea. Kama wamwagilia kwa matuta na maji yana chumvi, usipande juu kabisa ya tuta, chumvi hukusanyika pale kileleni, panda ubavuni. Funika udongo kwa majani makavu, upunguze ule mvuke usiokuwa na faida. Na wenye dripu, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: chumvi husukumwa mpaka ukingo wa lile duara la unyevu ikae hapo ikingoja, sasa manyunyu ya kwanza ya masika yakianguka watu hufunga dripu wakashukuru, na ile mvua ndogo yaichukua chumvi yote yairudisha mizizini, wiki moja baadaye shamba limeungua na mtu alaumu mbegu. Mvua ikianza acha dripu ifanye kazi, endelea hivo mpaka mvua ya kutosha inyeshe, ile ya kushuka chini kweli, ndo ufunge.